Kamba ya Mahindi, Maharagwe ya Mama Yako

Mwanangu Nanjala,

Naandika jua likiwa bado juu ya miti, maana mafuta ya taa yaliisha jana na sikutaka kukupa barua iliyoandikwa kwa kupapasa. Uko jikoni na wenzako mnacheka. Nawasikia mpaka hapa ghalani nilipokaa. Kesho asubuhi lori la Kalasinga litapita njia panda likienda Kitale, utapanda na sanduku lako, na mumeo Wanyonyi atakupokea huko akupeleke Endebess nyumbani kwake. Mimi nitabaki na kuku.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kibukusu ndicho tunachosemeshana, lakini mkono wangu ulijifunza kuandika huko huko unakokwenda, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu, ambako watu wa kila kabila walikuwa hawana lugha nyingine ya kutukanana. Mkono ukishazoea, basi tena.

Sitakuambia namna ya kumwamkia mama mkwe, wala saa ya kuamka, wala mambo ya sufuria na maji. Shangazi yako Nasike ameyasema hayo tangu Jumapili mpaka sauti imemkauka. Mengine anayokufundisha mimi siyaamini hata kidogo, lakini mwache, anakupenda. Mimi nataka kusema juu ya maharagwe. Cheka tu. Baba gani anamwandikia binti yake barua ya maharagwe? Hapa kwetu maharagwe ni ya kina mama. Mwanamume anasimama penye ng'ombe na mahindi, na akiulizwa habari za maharagwe anasema, ngoja mwenyewe aje. Mama yako angekuwapo angekufundisha mkiwa mmeinama shambani, na mimi ningekuwa barabarani napiga domo na watu. Hayupo. Kwa hiyo ni mimi.

Tangu tulipomzika nimekufa ganzi, mwili na roho. Mtu akisema pole, nasema asante, kama ninayerudisha salamu. Chakula nakila kwa sababu kimewekwa mbele yangu. Siku ya mazishi shangazi yako alinifinya mkono, akanong'ona, "Ndugu yangu, si ulie basi! Watu wanakuangalia, ati watasema hukumpenda." Nikamwambia nitalia baadaye. Hiyo baadaye ikakawia. Na wewe uliniangalia siku ile, ukiwa ng'ambo ya kaburi, jicho kavu namna yangu lakini lenye hasira. Nilimpenda mama yako. Machozi hayakuja tu, na sijui yalikuwa wapi.

Sasa sikiliza sababu ya barua hii.

Wanyonyi alipokuja mara ya mwisho na baba zake wadogo, baada ya chakula alinivuta nje, akachuchumaa, akachora chini kwa kijiti. Akasema, "Baba, nimeshapima. Kile kipande cha karibu na kijito, mwenye shamba amekubali tulime sisi. Nimeshapiga vigingi. Nitapanda maharagwe peke yake, mistari mitupu, safi kabisa. Nikivuna nauza Kitale, nanunua baiskeli."

"Na mahindi?" nikamwuliza.

"Posho ya unga si tunapewa, Baba? Ya nini kuchafua shamba na mahindi."

Kisha akatoa kamba mfukoni anionyeshe. Ilikuwa na mafundo. Niliitambua kabla hajaikunjua, maana yangu ya aina ile ile ilikuwa ikining'inia hapa ghalani wakati ule.

Mimi ni mkwe wake. Siwezi kumwambia mwanamume mwenye nyumba yake jinsi ya kulima kipande chake. Kwetu ukifanya hivyo umemwambia mbele ya watu kwamba hana akili, na heshima ya ukwe hairuhusu. Nikasema, "Vizuri, mwanangu." Lakini niliogopa. Hofu hiyo ndiyo kitu cha kwanza kilichopenya ganzi hii tangu mazishi. Kipande kile kidogo ndicho chakula chenu chote zaidi ya posho, na posho hukatwa mtu akiugua au akikosana na nyapara. Ukienda na ile kamba ukapanda maharagwe namna ile, mnaweza kukaa na njaa tuliyokaa sisi.

Kisa cha kamba unakijua, umekicheka tangu utotoni. Lakini umekuwa ukikisikia kwa kina shangazi, na wao hukimalizia pale panapochekesha. Ngoja nikupe chote.

Nikiwa kijana kazi yangu Endebess ilikuwa kushika kamba. Mtu mmoja upande huu, mmoja upande ule, kamba inavutwa mpaka inalia, na kwenye kila fundo linatiwa hindi. Nyapara anatembea nyuma na fimbo. Hindi likienda nje ya fundo, unalifukua kwa vidole. Shamba lilikuwa pana, mwenzangu wa ncha ya pili nilimwona kofia tu. Nilichukia kazi ile mwaka wa kwanza, kisha nikaipenda. Mahindi yakishaota, ukisimama pembeni, mstari unakwenda mpaka Mlima Elgon bila kupinda. Ulikuwa ni kitu kizuri, sitakuficha.

Nilipoacha kazi nilirudi na blanketi, sufuria na kipande cha ile kamba. Watu walinicheka. Nikapanda mahindi kwa kamba hapa kando ya barabara ya Mabanga, yakatoka mazuri, wakaacha kucheka. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Msimu uliofuata nikamwambia mama yako, mwaka huu na maharagwe nitayapanda mimi, peke yake, kwa kamba.

Akaniangalia. "Kamba ile ile?"

"Kwani kuna nyingine?"

Nilimwachia ukanda mwembamba kando ya kichuguu, apande anavyotaka, nami nikachukua shamba lote lililobaki. Mbegu tulimimina kutoka kibuyu kimoja, zake na zangu. Yeye akapanda kama mama yake alivyompandia: mahindi hapa na pale, maharagwe katikati, kunde pembeni, na boga moja linalotambaa popote linapopenda. Mimi niliona aibu na ukanda ule, nikautaka ujifiche nyuma ya kichuguu.

Sasa fikiria. Mafundo ya mahindi yameachana sana. Haragwe si hindi. Kila mche wangu ulisimama peke yake, umezungukwa na udongo mwekundu, na nikapalilia mpaka ungeweza kulaza mtoto pale chini asichafuke. Waliotoka kanisani walisimama barabarani wakasema, "Ehee! Hapa ni safi!" Nililipenda neno lile kupita kiasi. Nilikuwa nakwenda kupalilia palipokwisha kupaliliwa ili nilisikie.

Maua yalipoanza, mvua ikakatika. Halafu wakaja wale wadudu weusi wadogo, wale wanaokaa wamebanana kwenye shina wakinyonya. Kwanza pembeni, miche michache. Baada ya hapo nikaamka nikakuta mashina meusi kama yamepakwa masizi. Majani yalijikunja, yakawa yananata, na sisimizi wakipanda na kushuka juu yake kama wana kazi ya mshahara. Nikawasugua kwa vidole. Nikamwaga majivu. Nikaenda mstari kwa mstari, na nilipofika mwisho, mwanzo ulikuwa umeshajaa tena. Maua yakaanguka. Maganda yaliyobaki yalikuwa matupu ukiyabonyeza.

Ng'ambo ya kijia, kwenye ukanda wa mama yako, wadudu walikuwapo. Sisemi hawakuwapo. Lakini ungewakuta kwenye mche huu, miche ya jirani hawapo, ikabidi uwatafute. Na juu ya majani kulikuwa na wale wadudu wa mgongo mwekundu wenye madoa, mnaocheza nao watoto, wanatembea taratibu wakiwala wale weusi. Buibui nao walikuwa wametanda kati ya bua na bua. Kwangu sikuona hata mmoja wa hao. Wangekaa wapi?

Nilimfuata mama yako. "Umetia dawa gani?"

"Dawa! Ningeitoa wapi?"

"Basi mbona kwako hawajamaliza?"

Akanyoosha mgongo, akaweka mkono kiunoni, akaliangalia shamba langu kama mtu anayeliona leo. "Baba Nanjala, maharagwe yako nayaona nikiwa kule chini kisimani. Moja moja. Mimi nikiyaona nikiwa na mtungi kichwani, mdudu mwenye mabawa atashindwa?"

Hayo tu. Akainama akaendelea na kunde zake. Angenicheka ingekuwa afadhali.

Hapo ndipo kina shangazi hukomea, na nyote mnaangua kicheko, ati Baba Nanjala aliwaandalia wadudu karamu kwa kamba. Sawa. Mimi naendelea.

Mahindi nayo yalikuwa yamejikunja kwa jua, wala hatukuwa na mengi, kwa kuwa shamba nililijaza maharagwe. Tulikula kutoka kwenye ule ukanda wa kichuguu. Majani ya kunde, maharagwe machache, boga lile. Mama yako alikuwa akipakua akijisahau mwenyewe. Ulikuwa na mdogo wako, Wekesa. Ulimbeba mgongoni, labda mgongo wako unakumbuka. Surua ilipopita akaipata. Nilimpeleka Lugulu hospitalini, na yule muuguzi akaniambia kwa upole kwamba mwili hauna nguvu ya kupigana.

Sisemi maharagwe yalimwua. Surua ile ilichukua hata watoto walioshiba. Lakini nilipombeba kutoka Lugulu alikuwa mwepesi mno, na ule wepesi bado ninao mikononi. Nikibeba kitu chepesi, nakumbuka.

Mama yako hakunilaumu, wala sikuomba anisamehe, maana hakuna aliyelitaja. Ndivyo tulivyokaa. Mvua zilipoanza tena nilitoka na kamba yangu, nikapanda mahindi tu, nikainua macho nikamwona amekuja nyuma yangu na jembe dogo na mbegu kwenye leso. Akatia maharagwe katikati ya mahindi yangu, mstari mpaka mstari. Hakuomba ruhusa. Nilivuta kamba nikasonga mbele, naye akafuata. Tulipanda hivyo kila msimu mpaka ule aliokufa. Watu wa barabarani hawakusema tena "safi." Walisema, "Hapa pamejaa."

Kwa miaka hiyo yote nilikuwa nachungulia. Mwanamume hasemi habari za maharagwe, lakini macho anayo. Niliona kwamba yakipandwa karibu karibu mpaka udongo usionekane, wale weusi wanachelewa kuyapata, hasa kama yameota mapema na mvua za kwanza. Ukipalilia ukaacha pengo kubwa, huanzia penye pengo. Kwa nini, sijui. Labda hawaoni pa kutua. Labda harufu inawapotea, au mahindi yanawakata upepo. Labda ni wale wenye madoa tu, kwamba wamepata pa kulala. Nilikuwa na nia ya kumwuliza mama yako vizuri, tukiwa tumekaa, siku moja. Hatukukaa.

Wala usidhani kuchanganya ni dawa ya kila kitu. Funza wa maganda ya kunde hajali. Anaingia gandani hata ufiche kunde wapi, na penye kivuli kizito ndipo anaponenepa, unafungua ganda unamkuta amekaa kwenye nafasi ya mbegu. Hao utawaokota kwa mkono asubuhi na kuwapa kuku. Kivuli chenyewe nacho kina ubaya wake. Msimu ambao mama yako alikuwa na kile kifua, nilipanda mahindi mwenyewe bila kamba, kwa haraka, nikayabananisha. Maharagwe aliyokuja kuyatia chini yake akikohoa yalirefuka yakitafuta jua, yakawa membamba na ya manjano. Wadudu walikuwa wachache, na maganda nayo yakawa machache. "Sasa umeyafungia ndani ya nyumba," akaniambia. Huo ulikuwa utani wake wa mwisho nilioupata. Maharagwe yalikuwa katika maua alipofariki. Mimi na shangazi yako ndio tuliovuna, ukiwa bado umelala ndani hutaki kula.

Mbegu hizo tulizichanganya na majivu, tukazifunga kwenye gunia, na sikuligusa tena. Wiki hii nikakumbuka kwamba hakuna mwingine wa kukupa mbegu. Nikalifungua. Nikatandika mkeka hapa ghalani, nikaanza kuchagua. Mekundu upande huu, meusi upande ule, ya manjano peke yake, yenye madoa peke yake. Nilitaka uende na mbegu nzuri, zilizopangwa kama za dukani. Nilikuwa nimefanya mafungu manne yaliyonyooka nilipomsikia shangazi yako mlangoni.

"We mzee, unafanya nini?"

"Nachagua mbegu za mtoto."

"Nani kakwambia rangi zinachaguliwa? Mama Nanjala alikuwa anatoa yaliyotobolewa tu. Mengine aliyaacha yakae pamoja, hili likishindwa, lile linasimama. Bwana wee, ile kamba bado iko kichwani mwako?"

Nikaangalia mkeka. Kweli, ilikuwa bado iko kichwani mwangu. Nikachukua ungo wa mama yako, nikayarudisha yote, nikayachanganya kwa mikono miwili. Yakatoa ile sauti. Unaijua, sauti ya maharagwe makavu kwenye ungo, akiwa amekaa kizingitini amenyoosha miguu, na mimi nimelala kitandani namwambia apunguze kelele. Kila mwaka nilimwambia apunguze kelele.

Nikalia, Nanjala. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu, nikakoroga maharagwe yale nayo yakalia na mimi. Shangazi yako alirudishia mlango akakaa nje, watu wasiingie. Nilipomaliza, ganzi ikarudi, na hata sasa naandika nikiwa nayo. Lakini nimelia. Nilitaka usiondoke na lile jicho la kaburini bila kujua.

Kibuyu cha mama yako utakikuta juu ya sanduku lako. Zimo mbegu zote. Sikubakiza, maana nikibakiza nitaanza kuzichagua tena. Shangazi yako ana zake, atanigawia mvua zikija.

Kuhusu Wanyonyi, usimwambie baba kasema. Ni kijana mzuri, ana bidii, na anapenda mstari ulionyooka kama nilivyoupenda mimi. Usigombane naye, wala usimsimulie kisa hiki mwaka wa kwanza, msimulie akishakuwa na mtoto wa kubeba. Akisema posho ipo, mwambie wewe unataka mahindi ya kuchoma. Mwanamume aliyeoa juzi hawezi kukunyima mahindi ya kuchoma.

Kesho lori likipiga honi sitakuja njia panda. Miguu inanitosha kufika kwenye kichuguu tu. Lori likipita pale geuka upande wa kushoto. Shamba ni tupu wakati huu, utaniona tangu mbali.

Kile kibuyu nimekifunga kwa kamba yangu ya Endebess. Usikate, fungua taratibu, kisha mpe Wanyonyi, umwambie baba mkwe amekutumia zawadi. Atafurahi sana, ataiunga na yake. Ashike ncha ile, wewe ushike hii, mvute mpaka ilie. Kwenye fundo atie hindi. Halafu uchukue jembe dogo, ufuate nyuma yake, na katikati ya fundo na fundo utie maharagwe ya mama yako. Usiombe ruhusa.

Ni mimi baba yako, niliyekuwa nikisema punguza kelele.